Namna ya Kutania kwa Sarufi: Mwongozo wa Mizaha ya Lugha Katika Soga za Mtandaoni

Mizaha ya lugha inayodumu katika makundi yetu ya WhatsApp ni ile inayotii sarufi. Mtu akisema kwamba umoja wa "video" ni "kideo", watu hucheka kwa sababu kanuni aliyoifuata ni ya kweli: ni kanuni ileile inayotupa kiti na viti, na kila msemaji wa Kiswahili anayo kichwani hata kama hajawahi kukaa darasani kufundishwa ngeli. Akisema kwamba umoja wake ni "mudeo", hakuna atakayecheka, kwa kuwa hakuna njia yoyote ya kulifikia neno hilo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutunga mizaha ya aina hiyo, namna ya kuichanganya na mambo ya kweli kuhusu lugha, na namna ya kuitoa mbele za watu ili nao waingie mchezoni. Unamfaa mtu anayependa kompyuta, hesabu au kamusi, ambaye angependa kutania kwa Kiswahili chenyewe badala ya kusambaza vichekesho vilivyotungwa kwa lugha nyingine na kupoteza utamu njiani.

Anza na ngeli

Ngeli ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu Kiswahili kimekuwa kikiucheza mchezo huu kwa karne nyingi, tena bila mzaha. Neno "kitabu" limetoka katika Kiarabu, ambamo silabi ya mwanzo si kiambishi hata kidogo. Mzizi wake ni konsonanti k, t na b, na wingi wake kwa Kiarabu ni "kutub". Waswahili waliisikia ki- ya mwanzo, wakaiweka pamoja na ki- ya kiti na kisu, wakasema vitabu, na leo hakuna anayeshtuka. Kwa njia hiyohiyo maneno ya Kiingereza yanayomtaka dereva ashike kushoto kwenye mzunguko wa barabara yakawa "kipilefti" huko Tanzania, na mizunguko ikiwa mingi huitwa vipilefti. Neno "virusi" nalo lilipoingia lilionekana kama wingi tayari, basi likazaliwa umoja wake, "kirusi". Wakati wa janga la korona watangazaji walisema "kirusi kipya" kila siku na wasikilizaji wakaelewa. Kwa hiyo tofauti kati ya kideo na kirusi ni mazoea tu, na hilo lenyewe ni jambo zuri la kuliweka mezani pale mtu anapokuambia kwamba unakiharibu Kiswahili.

Ili kutunga mzaha wa ngeli, tafuta neno la mkopo ambalo silabi yake ya kwanza inafanana na kiambishi, kitenge kiambishi hicho, kisha kibadilishe kama sarufi inavyotaka. Mzaha huwa bora zaidi pale neno linalopatikana linapokuwa na maana yake halali. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "viza". Ukiichukulia vi- yake kuwa ya wingi, umoja wake ni "kiza". Ndugu yako anayesubiri majibu ya ubalozi akiandika kwamba ameomba viza, mjibu kwamba basi aombe zisipungue mbili, maana akipewa moja tu amepewa kiza. Sentensi hiyo haihitaji maelezo, kwa sababu sarufi na maana vimekutana hapohapo.

Wengi huishia kwenye ki- na vi-, nao hukosa utajiri wa maneno yenye wingi wa ny-. Wakati na waraka ni maneno ya asili ya Kiarabu, lakini tumeyapa wingi wa nyakati na nyaraka kana kwamba yalizaliwa pamoja na wimbo na nyimbo. Waya, ambalo ni la Kiingereza, limefuata mkondo huo, na mafundi umeme husema nyaya bila kusita. Ukiwa na mifano hiyo mitatu mkononi, unaweza kudai kwa haki kabisa kwamba mtu mwenye simu ya laini mbili ana "nyatsapu". Toa mzaha mmoja wa aina hii kwa mazungumzo mamoja. Ukitoa mitano mfululizo, watu wataacha kuisikia kanuni na kubaki na kelele.

Ficha upatanisho

Mzaha wa neno lenye maana mbili ni mgumu zaidi katika Kiswahili kuliko unavyodhaniwa, na sababu yake ni upatanisho wa kisarufi. Neno laweza kuwa na maana mbili, lakini kitenzi kinachofuata huichagua moja na kuifukuza nyingine. Tuchukue "wifi", neno ambalo limetaniwa sana tangu intaneti isiyo na waya ilipoingia majumbani mwetu. Ukisema "wifi yangu imekatika", kila mtu anajua unazungumzia intaneti. Ukisema "wifi yangu amenuna", kila mtu anajua ni mke wa kaka yako au dada wa mumeo. Kiambishi i- au a- kimekwisha kutoa siri.

Hata hivyo, kuna mwanya. Majina ya ukoo huchukua kimilikishi kama cha ngeli ya I-ZI: tunasema mama yangu, rafiki yangu, wifi yangu. Maana yake ni kwamba neno "yangu" haliwezi kukufichua. Kitenzi ndicho kinachofichua. Basi tunga sentensi ambayo wifi hawi mtenda wala hatajwi ndani ya kitenzi: "Bila wifi yangu siwezi kufanya kazi", au "Nyumba yenye wifi mbovu haikaliki". Sentensi ya kwanza inasimama pande zote mbili. Ya pili inayumba kidogo, kwa sababu "mbovu", ingawa umbo lake ni lilelile kwa mtu na kwa kitu, husemwa zaidi kwa kitu, na msomaji makini ataona kwamba kwa mtu ingefaa zaidi "mbaya" au "mkorofi". Kupima sentensi zako kwa namna hiyo, neno kwa neno, ndiyo kazi yenyewe, na baada ya muda utaona kwamba unaifanya kabla hujaandika.

Njia nyingine ni kuacha mwenzako aandike sentensi iliyonyooka, kisha wewe uipindue katika jibu. Dada mmoja akiandika, "Jamani, wifi yangu inasumbua tangu asubuhi," jibu linaweza kuwa, "Mwambie kaka yako azungumze na mkewe." Aliyeandika akiwa mwanamume, jibu linabadilika, kwa sababu kwa mila zetu wifi ni uhusiano wa wanawake, mwanamume humwita mke wa kaka yake shemeji. Hapo jibu sahihi ni, "Kaka, wewe huna wifi, una shemeji tu, ndiyo maana huunganishwi." Mzaha huo umebeba somo zima la majina ya ukoo, na hakuna aliyehisi kwamba amefundishwa.

Mchezo huo unawafaa sana Wakenya na Watanzania wanapokutana katika kundi moja, kwa sababu ya neno "nyanya". Kenya nyanya ni mama mzaa baba au mama mzaa mama. Tanzania watu wengi humwita bibi, na nyanya kwao ni ya kutia kwenye mchuzi. "Nyanya ameanguka" na "nyanya imeanguka" ni habari mbili zenye uzito tofauti kabisa, na zote mbili ni Kiswahili safi. Lakini mtu akiandika kwamba "nyanya ameanguka", muulize hali kwanza, utani uje baadaye.

Maandishi na sauti si kitu kimoja

Kuna mizaha inayoishi katika maandishi tu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila kuna maneno machache yanayokwenda kinyume, na hati yetu haina alama ya kuonyesha tofauti hiyo. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari; yenye mkazo kwenye silabi ya pili ina maana ya sawasawa, kwa ukamilifu. Vivyo hivyo "walakini": mkazo ukiwa kwenye la- ni sawa na "lakini", na ukiwa kwenye ki- ni dosari. Kwa hiyo "Mradi umekwenda barabara" ni sifa ikisomwa kwa sauti moja, na ikisomwa kwa sauti nyingine ni kama fedha zimeishia kwenye lami. Mzaha huo uandike, usiutume kwa ujumbe wa sauti, kwa maana sauti italazimika kuchagua.

Upande wa pili, yapo maneno ambayo wengi tunayadhani kuwa na sauti moja, lakini kwa msemaji wa Kimvita ni maneno mawili tofauti. Paa la nyumba na paa wa porini, tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga, kaa la moto na kaa wa baharini: watu wa Mombasa hutamka la pili katika kila jozi kwa mpumuo mwanzoni, na la kwanza bila mpumuo. Kiswahili sanifu, ambacho kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja kuanzia mwaka 1930, hakiionyeshi tofauti hiyo katika maandishi. Ukiandika "Paa amepaa juu ya paa", utapata kicheko kotekote. Ukiisema mbele ya mzee wa Mji wa Kale, anaweza kukuonyesha kwa subira kwamba hapo hapana mchezo wa maneno wowote, kwa kuwa yeye amesikia maneno mawili yasiyofanana. Msikilize, kwa sababu maelezo yake yanafurahisha kuliko mzaha wako.

Vijana wanaofupisha maneno kwenye simu nao wametupa zawadi ambayo haijatumiwa vya kutosha. Wanapoandika "wa2" wakimaanisha watu, tarakimu hiyo inasomwa kwa Kiingereza. Ukiisoma kwa Kiswahili, wa- na mbili ni wawili. Matokeo yake ni kwamba "Wa2 wa2 wamefika" ni sentensi kamili ya Kiswahili inayosema kuwa watu wawili wamefika, ambayo alama zake mbili zimeandikwa sawasawa na kusomwa tofauti. Kwa mtu anayependa kompyuta, huo ni mfano mzuri wa alama moja ambayo maana yake inategemea inasomwa kwa mfumo upi.

Maneno yanayosomeka kutoka pande zote mbili

Hapa ndipo Kiswahili kinapong'aa, na ninashangaa kwamba hatujivunii zaidi. Maneno yetu, ukiacha machache ya mkopo, huishia na irabu. Kwa hiyo neno linalosomeka vilevile mbele na nyuma ni lazima lianze na irabu pia, na hilo hukuondolea sehemu kubwa ya kamusi unayopaswa kuipekua. Nomino utazipata upesi: ada, ini, idadi, utatu, ububu, na upupu, ule mmea unaowasha. Lakini hazina iko kwenye vitenzi, kwa sababu kiambishi cha nafsi a- na irabu ya mwisho -a tayari vinakupa ncha mbili zinazofanana.

Fanya hivi. Chukua kiambishi cha wakati, kisha tafuta kitenzi chenye konsonanti moja mwanzoni ambacho sehemu yake iliyobaki ni kiambishi hicho kilichogeuzwa pamoja na a. Kwa -me- unahitaji vitenzi vinavyoishia na -ema: sema, tema, hema. Vinakupa amesema, ametema, amehema, na vyote vinasomeka kutoka pande zote mbili. Kwa -ta- unahitaji -ata: atapata, atakata. Kwa -na- unahitaji -ana: anakana, anabana, anafana. Kwa -ka- ya masimulizi unahitaji -aka: akataka, akasaka, akapaka, akawaka. Kabla ya kuanza mashindano kundini, kubalianeni kuhusu ch, sh na wenzao, kwa sababu "anachana" haisomeki sawa kwa herufi ila inasomeka sawa kwa sauti, na nimeona mabishano marefu yakizuka kwa kukosa makubaliano hayo. Mimi naona sauti ndiyo yenye haki zaidi, kwa kuwa ch ni konsonanti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili.

Ukishakuwa na maneno hayo, sentensi ni rahisi: weka neno moja katikati, na mengine yafanane kushoto na kulia. "Amesema atapata, amesema." Hiyo ni sentensi ambayo mtu anaweza kuitamka kweli akiwa sokoni, nayo ukiigeuza herufi kwa herufi inarudi ilivyokuwa. "Ana ada, ana" ni nyingine, nayo inawafaa wazazi mwanzoni mwa muhula. Kazi ngumu zaidi ni kutafuta sentensi ambayo maneno yake, kila moja peke yake, hayageuki, lakini kwa pamoja yanageuka. "Ali, mila!" ni fupi, ila inatimiza sharti hilo, na unaweza kumwambia Ali yeyote aliyesahau kuwaamkia wakubwa.

Mchezo wa jirani ni kinyume, ambao watu wa pwani waliucheza tangu zamani kama lugha ya siri: silabi ya mwisho inahamia mbele. Kwa maneno ya silabi mbili, mara nyingine hupatikana neno jingine halali. Mali inakuwa lima. Chapa inakuwa pacha. Kata inakuwa taka. Kazi inakuwa zika, na leo inakuwa ole, kwa hiyo "Leo kazi" kwa kinyume ni "Ole zika", ujumbe ambao hupata majibu mengi ukitumwa Jumatatu alfajiri.

Mambo ya kweli yanayofaa kuletwa mazungumzoni

Mzaha mtupu huchosha. Unahitaji kukaa jirani na habari ya kweli inayomfanya mtu asimame na kuhesabu vidoleni. Siku za juma ni mfano bora. Jumamosi ina mosi ndani yake, Jumapili ina pili, na hesabu inaendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu pia ina maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana. Waandishi wa programu, ambao lugha zao nyingi huanza kuhesabu kwa sifuri, wanaweza kuongeza kwamba kama Jumamosi ni moja, basi Ijumaa ni sifuri, na kwamba Waswahili walianza kuhesabu kwa sifuri kabla kompyuta haijatengenezwa.

Namba zenyewe zina habari. Tunasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita, watu saba na watu tisa. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, nazo ni kama wageni waliokaribishwa harusini bila kupewa sare. Mtu akidhani kwamba amekwisha kuielewa kanuni, mwonyeshe kumi, ambayo ni ya Kibantu na bado haichukui kiambishi. Kabla ya saba tulikuwa na "fungate", neno ambalo limebaki katika siku saba za maharusi, na kabla ya tisa tulikuwa na "kenda", ambalo utalikuta katika kamusi na mashairi.

Ipo pia saa. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu, na hesabu ya Kiswahili iko saa 6 nyuma ya ile inayoonyeshwa na simu, kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Toa sita katika tatu, unabaki saa 3 nyuma ya saa ya ulimwengu, na hapo ndipo ulipo mji wa Buenos Aires, Argentina. Kwa hiyo Dar es Salaam au Nairobi ikiwa saa mbili asubuhi, saa ya ukutani ya Buenos Aires inaonyesha mbili kamili, ingawa kwao ni usiku wa manane. Mtu anayetaka simu yake isome saa za Kiswahili anaweza kuiwekea majira ya Argentina na ikamtumikia vizuri, mradi ajue kwamba tarehe itachelewa kubadilika.

Kwa wapenzi wa teknolojia, yapo maneno yetu yaliyosafiri. Kivinjari cha Apple kilichotoka mwaka 2003 kinaitwa Safari. Mchezo wa kupanga vipande vya mbao uitwao Jenga ulianza kuuzwa mjini London mwaka 1983, na mbunifu wake, Leslie Scott, alilichukua jina kutoka kitenzi chetu. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za raia kwenye ramani, lilianzishwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Mtu akiingiza Ubuntu katika orodha hiyo, mrekebishe kwa upole: mfumo huo wa kompyuta uliotoka mwaka 2004 umepata jina lake katika lugha za Wanguni wa kusini mwa Afrika, na ndugu wa neno hilo kwetu ni "utu". Marekebisho ya namna hiyo yanaongeza habari badala ya kuipunguza, na ndiyo yanayopendwa.

Hakikisha kabla ya kutuma

Habari za asili ya maneno ndizo zinazosambaa haraka zaidi, na ndizo zenye uongo mwingi. Kuna maelezo kwamba jina la Kiswahili limetokana na "siwa hili", yaani kisiwa hiki. Yanavutia, na kila neno ndani yake ni la Kiswahili, lakini Kiarabu kina "sahil", pwani, ambalo wingi wake ni "sawahil", na msafiri Ibn Battuta aliyefika pwani hii mwaka 1331 alilitumia neno hilo kuitaja nchi aliyoiona. Maelezo ya kweli ya asili ya neno huwa na mambo matatu: neno la awali linalojulikana katika lugha fulani, watu waliokutana na kulipokezana, na mabadiliko ya sauti yanayofanana na ya maneno mengine. Hela ina yote matatu: sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller, utawala wa Wajerumani ambao kuanzia mwaka 1904 uliigawa rupia yake katika heller 100, na -er ya mwisho iliyogeuka kuwa irabu kama ilivyo kawaida yetu. Shule, kutoka neno la Kijerumani Schule, ina historia hiyohiyo.

Maelezo yanayodai kwamba neno la kale ni kifupisho cha maneno mengine, kila herufi na neno lake, yatilie shaka mara moja. Kwa maana na ngeli, fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kufuatiwa na matoleo mengine; kila nomino ina alama ya wingi wake, na alama hiyo imekwisha kumaliza mabishano mengi. Dakika mbili za kupekua zinatosha, na mtu akikuuliza umejuaje, mpigie picha ukurasa.

Tega kwanza, jibu baadaye

Kosa la wengi wenye maarifa ni kumwaga habari yote kwa ujumbe mmoja mrefu. Tunao utaratibu wetu wa tangu zamani ambao unafaa soga za mtandaoni kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Andika "Kitendawili!" na usubiri mtu ajibu "Tega!" Asipojibu yeyote, saa hiyo haifai, acha. Akijibu mtu, tega swali fupi: "Juma lina siku mbili za tano. Zipi?" Waache wabishane. Wakishindwa, dai mji, na usilitoe jibu mpaka upewe. Wakikupa Tanga, sema umekwenda Tanga, umeonyeshwa nini na umekula nini, kisha ndipo utoe jibu kwa sentensi moja au mbili. Sehemu ya mji mara nyingi huchekesha kuliko swali, na huwapa nafasi wale ambao hawajui sarufi lakini wanaijua Tanga.

Watu wakishaufungua mlango, unaweza kuwapa mashindano ya ulimi kwa ujumbe wa sauti: wali wa liwali wa Liwale huliwa na liwali wa Liwale, mara tatu bila kupumzika. Liwali ni mtawala, kutoka Kiarabu, na Liwale ni wilaya katika mkoa wa Lindi. Habari hizo mbili ziweke baada ya vicheko, wakati watu wangali wakisikiliza.

Namna ya kumrekebisha mtu

Katika kundi, kosa la mtu lisahihishwe tu pale ambapo usahihisho wenyewe ni sehemu ya mchezo. Aliyeandika "nyumba yangu ziko mbili" akiwa anaomba msaada wa kupata mpangaji hahitaji somo la ngeli; jibu ombi lake. Anayechanganya r na l kwa sababu ya lugha ya kwao asichekwe hata kidogo, kwa maana hiyo ni athari ya lugha mama yake, wala si udhaifu wa akili, na Kiswahili chenyewe kina lahaja zinazotofautiana kwa sauti za namna hiyo. Msemaji wa Lubumbashi, wa Bujumbura au wa Muscat naye ana Kiswahili chake. Ukisikia neno usilolijua, liulize kabla ya kulitia kwenye orodha ya makosa, kwa sababu mara nyingi utakuwa umepata kitendawili cha wiki ijayo.

Utani wa makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni au wa Wazaramo na Wanyamwezi, una mipaka yake inayojulikana na wahusika, na katika kundi la watu mia mbili huwezi kujua nani ni mtani wako na nani si mtani. Elekeza mzaha kwenye neno, usiuelekeze kwa aliyelitamka. Mtu akikuuliza maana ya mzaha wako, mweleze kwa sentensi moja, ukimtajia kanuni na mfano mmoja wa kawaida: "Ni kama kitu na vitu, kwa hiyo viza, kiza." Akicheka, vema. Asipocheka, mwachie nafasi atege yeye.